Goti Zima la Ramazani

Papa Saidi,

Tangu tukuzike, kuna kitu kimoja sijathubutu kukibadilisha hapa kwenye kituo chetu cha afya. Bado naanza kupima goti zima, lile lisilouma. Wagonjwa wananicheka kama walivyokucheka wewe: "Docta, goti yenye kuuma ni ile ingine!" Nami nawajibu kama ulivyonifundisha: "Najua. Hii ndiyo itaniambia ile ilikuwa namna gani mbele ya kuumia."

Jana asubuhi waliniletea Ramazani. Mwanao, Papa. Pikipiki ilimtupa kwenye utelezi akitoka Salamabila, akaangukia goti la kulia. Nilipopandisha suruali mguu wa kushoto, pale chini ya goti zima nikakuta kovu la mshono wako, ule uliomshona utotoni alipojikata na jembe. Ilibidi nijifanye natafuta pamba.

Kisha nikagusa la kulia. Limevimba, lina moto. Kile kifupa cha mbele, pia ya goti, kimepanda juu, na chini yake kidole changu kikazama. Nikamwambia anyooshe mguu, auinue. Alijaribu mpaka jasho likamtoka. Kisigino hakikuachana na shuka. Wa kushoto uliinuka bila shida. Nikajua kano inayoshika pia ya goti imekatika, na hiyo haikandwi, inashonwa.

Lakini Mama Aziza, mke wako, alishachemsha maji ya chumvi na kumwita bibi wa kukanda. "Baba yake angekuwa hapa, angeacha tumukande." Lilinichoma neno hilo. Nikakataa hata hivyo. Nikaufunga mguu kwa mbao, umenyooka, nikamtuma hospitali ya Kasongo, kwa pikipiki tena, maana kuna nini kingine? Sasa nahesabu kila shimo la njia ile. Na kama nimekosea? Kama kidole chako kingesikia kitu kingine pale? Simu ya Ramazani haipatikani tangu jana, na leo Mama Aziza amepita mlangoni hakunisalimia.

Sina wa kumuuliza. Naogopa, Papa.

Mungu akulaze pema. Nakuahidi hivi: akirudi, vyovyote atakavyorudi, nitaanza tena na goti zima. Nitapita kwanza kwenye mshono wako, nikusalimie, ndipo nivuke upande wa pili.

Mwanafunzi wako,
Kalume