Jina Ambalo Mkwe Hawezi Kulitamka

Jumatatu, 1 Machi 1971
Tumbaku tangu alfajiri. Mikono inanata, kucha nyeusi. Jioni darasani, nyuma ya mkeka uliotundikwa, kama kawaida. Mwalimu wetu ni Masanja, mume wa binti yangu Kalunde, na kwetu Unyamwezi mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Akishaandika ubaoni husogea pembeni, nami huchungulia kwenye tundu. Nimelipanua kwa kidole. Leo nimesoma "ushirika" bila kukwama.

Jumatano, 3 Machi
Habari njema! Halmashauri ya kijiji imeamua: mtu mzima atakayetimiza mahudhurio, kisha akasoma mbele yao Jumamosi ya wiki ijayo, atasamehewa zamu ya mchana shambani ili aendelee na kitabu cha pili. Asiyetimiza abaki na tumbaku. Kitabu hicho nakitaka mno.

Alhamisi, 4 Machi
Nimekasirika. Katibu wa kijiji amekuja darasani kuhesabu wanaoitikia majina. Masanja akaita wote, akafika kwangu, akakohoa, akaruka. Jina la mama mkwe halitamkwi, najua. Nikaitikia mwenyewe, "Nipo!" Katibu akasema asiyeitwa hayupo. Kwani ile sauti ilikuwa ya mbuzi?

Jumatatu, 8 Machi
Yale yale. Kalunde anasema mumewe hali chakula kwa mawazo. Namhurumia. Najihurumia zaidi. Umri umekwenda, nikiachwa msimu huu sirudi tena darasani, najijua. Nimelia kidogo jikoni, nikasingizia moshi.

Ijumaa, 12 Machi
Katibu ameniambia nisijisumbue kesho. Nitajisumbua. Nimefua khanga.

Jumamosi, 13 Machi
Nimefaulu! Nimefaulu mimi!
Halmashauri wamekaa mbele, mimi nyuma ya mkeka. Masanja akafika kwenye jina langu. Akakohoa tena. Ndipo akasimama Mzee Saidi, mwanafunzi mwenzetu, Mzaramo ambaye babu yake alifika huku na misafara. Wazaramo na sisi ni watani tangu enzi hizo, na mtani hana mwiko wa kunitaja. Akapaza sauti:
"Nyamizi! Mwizi wa asali wee, upo au tumeshakuzika?"
"Nipo, fisi wee!"
Katibu akauliza huyu anaita kwa cheo gani.
"Mwalimu ameazima mdomo wangu," akajibu Saidi.
Mwenyekiti alicheka mpaka kofia ikaanguka. Akaamuru nihesabiwe kila siku niliyoitikia. Nikasoma ukurasa mzima wa mbolea, kwa sauti, mkeka ukitikisika. Samadi haijawahi kunukia vile! Vigelegele nimejipigia mwenyewe. Saidi anadai kuku. Hapati.

Jumatatu, 15 Machi
Mchana wa kwanza wa msamaha. Wengine shambani, mimi njiani kwenda darasani. Matope. Mbele nikamwona Masanja anakuja, labda kasahau chaki nyumbani. Akaingia kwenye nyasi, akanigeuzia mgongo. Nikavuta khanga usoni. Tangu amwoe Kalunde hatujawahi kusemeshana.
"Shikamoo, mama."
Nikasimama kidogo.
"Marahaba, mwalimu."
Akabaki nyasini mpaka nikapita.