Yonathani, Wimbo wa Felista Haujaisha

Ni mwaka mmoja sasa tangu presha ikuangushe, kaka Yonathani Osea Sichone, na hapa nyumbani Chapwa hakuna aliyetulia. Mama anafagia uwanja ambao ameshaufagia. Mwanao Brayan anaingia na kutoka kama mtu aliyesahau funguo. Mimi, mdogo wako Restuta, nimeachiwa kazi ya kuandika kwa sababu wengine wote wametegea.

Wewe mwenyewe hukuwa mtu wa kukaa. Ukiwa kijana ulivuka mpaka, ukaanzisha bendi ya roki Nakonde pamoja na rafiki yako Clever, nywele timtim, suruali zimewabana, gita linalia mpaka mbwa wanabweka. Mama akiulizwa mwanawe anafanya kazi gani alijibu, "Yuko Zambia, anahangaika." Lakini harusi ikitangazwa kwenye ukoo, yeye ndiye aliyeuliza kwanza kama utakuja na gita.

Kisha mlango wa lori ukakubana vidole vya mkono wa kushoto mkishusha spika, na kimoja hakikukunjika tena. Ulirudi Tunduma, gita ukalitundika ukutani, na tangu hapo hatukukuona ukilishika. Ukajifunza kurekodi. Chumba cha uani ukakiziba kwa magodoro na mablanketi, ukakiita studio, na sisi tukacheka. Tuliacha kucheka kwaya zilipoanza kuja kutoka Itumba na Kamsamba zikiulizia kwa Yonathani.

Ulikuwa mpole kwa watu na mkali kwa sauti. Wazee wa Kamsamba walipofika wamechoka na safari, uliwapa chai na kuwaambia walale kwanza, wimbo haukimbii. Lakini lori likipiga honi barabarani, ulisimamisha kwaya nzima. "Baba zangu, ilikuwa nzuri sana. Turudie."

Na kanisani je! Kabla ya wimbo wa pili ulikuwa umeshanyanyuka, unapita kando ya ukuta kwenda kugusa mikseri ya watu. Siku ya mazishi yako mchungaji Timotheo alishika maiki ikapiga ule mluzi wake, na sote tukaligeukia jeneza. Tulicheka, kaka. Tulicheka huku tunalia, utusamehe.

Ila kilichotunyima raha mwaka huu ni wimbo wa mkeo. Felista aliutunga mwenyewe, ukamrekodi na kwaya yake. Kila alipomaliza ulivua hedifoni ukasema, "Bado." Akarudia. "Bado kidogo, Mama Brayan." Ukaondoka wimbo ukiwa kwenye kompyuta, na wifi yangu akaamini kwamba sauti yake ndiyo iliyokushinda. Tangu tukuzike hajaimba, hata jikoni. Wanakwaya walipomfuata aliwajibu, "Yonathani alikuwa na masikio. Ningekuwa nimeimba vizuri angesema." Walirudi makwao, naye akaendelea kuosha vyombo.

Wiki iliyopita Clever alivuka kutoka Nakonde, akaomba tumfungulie studio. Hakuna aliyekuwa ameingia humo tangu tukuzike. Felista alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Clever akausikiliza wimbo, akaurudisha nyuma, akausikiliza tena.

"Awe, hapana, mulamu," akamwambia, maana hadi leo anamwita shemeji kwa Kibemba. "Sauti yako haina shida. Jamaa aliimaliza zamani, ameipanga safi kabisa. Ila hapa katikati ameacha nafasi. Unasikia? Kinanda na ngoma vinaendelea, ninyi mmenyamaza. Hii ni sehemu ya gita."

"Gita la nani?" Felista akauliza.

Clever alitazama ukutani, nasi tukatazama. Gita lako lilikuwa na nyuzi mpya.

Kumbe ile "bado" ilikuwa ya vidole vyako! Ulikuwa unafanya mazoezi kwa siri, mtu mzima, unaogopa kukosea mbele ya mkeo. Kaka, nimekukasirikia na sitaficha. Neno moja tu ungemwambia. Mwaka mzima ameibeba aibu isiyo yake. Halafu hasira ikiisha nakuona umejifungia humo na kidole chako kigumu, na nashindwa kuendelea kuandika.

Clever alijitolea kupiga sehemu hiyo. Felista alikaa kitako kwenye kiti chako, akaomba awekewe wimbo toka mwanzo, akauimba wote. Kisha akasema, "Hapana, shemeji. Pabaki hivyohivyo."

Basi tunawaalika ndugu na marafiki kwenye ibada ya kumbukumbu Jumapili hii kanisani, halafu chakula nyumbani. Felista ataimba wimbo wake. Ukifika katikati, kwaya itanyamaza, kinanda na ngoma vitaendelea, na gita hatapiga mtu yeyote. Tutasubiri mpaka sehemu yako iishe, ndipo Felista ataingia.

Unakumbukwa na mama yako Enesi, mkeo Felista, wanao Brayan na Brenda, mimi mdogo wako Restuta, rafiki yako Clever, ndugu wote wa Tunduma na Nakonde, na kila kwaya uliyoiambia irudie.

Hutatoka mioyoni mwetu daima, kaka. Jumapili usichelewe kuingia.