Macho Mazima Niliyoyaandika Mimi

Mpendwa Mama Fuatino, naomba unisaidie, na tafadhali usikitaje kijiji changu, maana kisiwa chetu cha Tutuila ni kidogo na watu wananijua mpaka kwa sauti yangu ya kwaya.

Nilikuwa tabibu wa kikosi cha jeshi kule Iraki, sasa ni muuguzi wa zahanati, nina miaka arobaini na minne, na rafiki yangu Pesamino tuliondoka pamoja kisiwani tukiwa vijana tukalala hema moja, na siku lori la mbele liliporushwa na bomu yeye ndiye aliyeshika usukani wa la pili, kioo kikammwagikia usoni, akawa anakuja kwangu wiki nzima, "Ndugu, jicho la kushoto lina ukungu," nami namwambia hilo ni vumbi, osha na maji. Siku ya kupimwa kabla ya kurudi nyumbani walikuwa wanaume thelathini na ndege inangoja, na yeyote aliyeandikiwa ugonjwa alibakizwa kambini wiki tatu wenzake wakiondoka, kwa hiyo sisi matabibu tulikuwa na desturi yetu, tunaandika mzima, mzima, mzima mpaka mwisho wa orodha, bila kupima, na aliponikumbusha jicho lake nikamjibu, "Nimeshaandika, panda ndege," akanishukuru, akidhani jicho nimeliandika na bado nimemwachia aondoke.

Sasa jicho la kushoto limekufa na la kulia linafuata, daktari anasema ni presha ya jicho iliyoanzia kwenye lile pigo, ila dai lake la fidia ya ulemavu wa vitani limekataliwa mara mbili, na dai lisipokubaliwa hapelekwi Honolulu kupasuliwa. Kwa kuwa hawezi tena kusoma, barua za dai huniletea mimi. Ile ya mwisho nilimsomea Jumapili baada ya kanisa, mkewe Lagi akitupakulia magimbi, na nilipofika mahali paliposema tabibu aliyapima macho yake siku ya kuondoka akayakuta mazima, niliuruka mstari. Akasema, "Mbona unasoma kama unafukuzwa na mbwa? Ile karatasi yako wanaisemaje?" Nikamwambia wameipoteza. Lagi akadakia, "Wajinga hao! Wewe umeandika vizuri, wao wametupa!" Akaniongezea nyama. Nikala, Mama.

Nikisema ukweli kwa jina langu naogopa leseni itakwenda, na nina watoto watatu shuleni. Nimewaza nimwombe mzee wa ukoo wetu twende kuomba radhi kwa mila, nipige magoti alfajiri mbele ya nyumba yao nimefunikwa mkeka wa heshima mpaka waje wanifunue, kwa sababu wakishanifunua jambo hilo halisemwi tena. Je, hiyo haitoshi? Muda wake wa rufaa unaisha Septemba.

Muuguzi Asiyelala

JIBU

Ndugu muuguzi, ile siku ya ndege nakusamehe nusu. Mlikuwa vijana, mmechoka, kila mtu analilia kwao, na marehemu mume wangu naye alirudi na mgongo mbovu ulioandikwa mzima, kwa hiyo usidhani sijui. Lakini Jumapili hukuwa kijana, wala hapakuwa na ndege. Ulikaa kwa mtu asiyeona, ukala chakula chake, ukamsomea uongo. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Wewe umeficha ya mwenzio, na anayeumbuka ni yeye.

Na huo mkeka ndio ulionikasirisha. Unajua vizuri sana kwamba ukishafunuliwa, Lagi ataiheshimu mila na hatakudai neno tena, wala karatasi ya kukiri. Utainuka pale umetakata, na Pesamino atabaki kipofu aliyekusamehe. Mama yangu alisuka mikeka hiyo, mmoja mwaka na nusu, vidole vikimtoka damu. Hakuisuka ili mwanamume ajifiche humo akikwepa kazi ya kalamu.

Sasa sikiliza. Kesho kabla ya zamu, andika kwa mkono wako: tarehe, kambi, lori, aliyokuambia, ulichoandika, na kwamba hukumpima. Weka jina kamili na sahihi. Mwombe daktari wa macho naye aandike kwamba ugonjwa umetokana na lile pigo. Peleka zote mbili kwa ofisa anayesaidia wanajeshi wa zamani na madai yao, usiondoke bila nakala iliyogongwa muhuri. Leseni? Tafuta mwanasheria, lakini umuulize ukiwa umeshatuma. Huenda ikaenda kweli. Una macho mawili, utapata kazi nyingine.

Kisha nenda kwa Pesamino ukamsomee ile barua ya Jumapili yote, polepole. Akikufukuza, ondoka. Lagi akikurushia sufuria, usiikwepe.

Ukimaliza hayo, kama bado unataka kupiga magoti, nenda, lakini uache mkeka nyumbani. Hakuna wa kumfichia uso, Pesamino haoni. Utapiga magoti pale nje mpaka jua litoke, na itabidi mtu amwambie Pesamino kwamba umekuja.