Elfu Sitini za Ziada

Jumamosi, 2 Machi

Kosa la watu wengi wenye mkopo wa nyumba ni hili: wanaishi kwanza, kisha wanalipa ziada kwa kilichobaki. Hakibaki kitu. Mimi ziada naitoa siku ya mshahara, kabla hata sijanunua sabuni, halafu ndio tunaishi. Leo nimetimiza mwezi wa ishirini na sita. Rejesho laki moja na themanini, juu yake elfu sitini.

Naeleza kana kwamba kuna darasa mbele yangu. Miaka thelathini na minne ya kufundisha hesabu – mdomo hauachi! Riba inahesabiwa juu ya deni lililobaki. Ukilipunguza deni, riba ya mwezi ujao inapungua, na rejesho lilelile linakata kipande kikubwa zaidi. Basi. Hakuna uchawi.

Kwa hesabu yangu tunadaiwa milioni mbili na laki tisa. Juni nastaafu; kiinua mgongo ni milioni tatu. Tunamaliza siku hiyohiyo. Na hatuna budi – mkataba unasema nikistaafu, salio lote linadaiwa ndani ya siku tisini. Nisipolipa, nyumba inauzwa. Ibara hiyo nimeisoma hadi naiota.

Nimepanga bahasha za mwezi mezani: chakula, umeme na maji, nauli, dawa. Ya dharura ni tupu tangu mwaka jana. Niliona pesa imelala bure, nikaipeleka kwenye deni.

Mume wangu akapita, akazipapasa moja moja. Mtaa mzima unamwita Fundi, nami vilevile.

"Waziri wa Fedha, bajeti imepita?"

"Imepita."

"Na wapinzani hatukupewa hata dakika mbili!"

Akarudi kwenye cherehani yake, chumba cha mbele.

Jumanne, 5 Machi

Aibu barazani. Dereva wa teksi karudisha suruali. Mguu mmoja umeuzidi mwenzake vidole viwili.

"Fundi, ulinipima nikiwa nimepanda ngazi?"

Watu wakacheka. Fundi akacheka kuwashinda wote. Kupita kiasi. "Wewe ndiye uliyepinda, kaka. Iache, njoo kesho jioni."

Sikumbuki mtu kurudisha nguo hapa kwa kosa la kipimo. Nilimuuliza kama futi ya kamba imechakaa. "Imechakaa," akasema – haraka mno.

Baadaye niliingia kuchukua mkasi. Kwenye mto wa sindano kulikuwa na sindano kama thelathini, zote zimeshatungwa uzi, zimesimama mstari kama wanafunzi paredi. Nani amezitunga? Jirani wa duka la dawa, eti, akipita asubuhi kwenda kazini. Kwa nini? "Kuokoa muda, Waziri. Si wewe unayehubiri kuokoa?"

Chumba kile kilikuwa na taa mbili. Januari nilifungua moja nikaiweka kabatini. Bili ya umeme ilishuka. Nilijisifu hata kazini.

Alhamisi, 7 Machi

Nilimuuliza saa ngapi. Saa ya ukutani iko mbele yake, kubwa kama sinia. Akainamia redio. "Taarifa ya habari bado," akasema, "basi haijafika saa saba."

Nikamsogelea. Saa ngapi, Fundi?

Akaizima redio: "Usinifanyie mtihani, Mwalimu."

Hajawahi kuniita Mwalimu ndani ya nyumba.

Jumatatu, 11 Machi

Daktari wa macho ni kijana mpole, lakini hazunguki. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho. La kulia limekomaa hadi limevimba ndani, na presha yake inapanda. Likiachwa, mshipa wa kuonea utakufa, na huo haufufuliwi kwa dawa wala kisu.

Nikauliza kama linaweza kusubiri Juni. Ndiyo, mimi ndiye niliyeuliza!

"Mama, mimi nazungumzia wiki. Wewe unazungumzia miezi."

Upasuaji ni laki tisa, macho yote mawili.

Fundi akamwambia, "Daktari, sisi kwetu tunafuata kalenda ya Waziri." Hakuna aliyecheka.

Njiani nikamshika mkono. Amejua tangu mwaka juzi. Miezi kumi na minane! Nikamuuliza kwa nini alininyima hata neno. Akasema ningetoa pesa kwenye nyumba. Kisha: "Nyumba hii naijua kwa mikono, mke wangu. Ngazi, mlango, kona ya meza. Tukienda kupanga uzeeni, huko nitaanza upya kujigonga."

Jumatano, 13 Machi

Taratibu, hatua kwa hatua.

Nilikwenda benki kuulizia salio, nione kama naweza kusimamisha ziada miezi mitatu. Karani wa mikopo akasimama: "Shikamoo, Mwalimu! Hunikumbuki? Ulinisimamisha ubaoni kipindi kizima kwa ajili ya hesabu za sehemu." Marahaba, mwanangu. Nikamkumbuka. Sehemu zilimtesa kweli.

Akafungua kompyuta. Milioni nne na laki saba.

Nikamwambia amefungua jina la mtu mwingine. Akageuza kioo nijionee. Jina langu na la Fundi.

Alinieleza polepole, kama nilivyokuwa nikimweleza yeye. Mteja akilipa zaidi bila maelezo, mfumo unaiweka ile pesa kando kama malipo ya mbele, isubiri marejesho yajayo. Haigusi deni. Kulipunguza deni lenyewe kunataka barua yenye sahihi za wakopaji wote wawili. Imeandikwa nyuma ya mkataba, ukurasa wa tisa.

Ukurasa wa tisa! Ibara ya kustaafu naiota, na hiyo sikuigusa. Kila mwezi simu iliniambia "malipo yamepokelewa", nami nikatia alama ya vema daftarini. Miezi ishirini na sita. Milioni moja, laki tano na elfu sitini, zimekaa tu. Hazikupunguza riba hata senti moja. Fundi akishona kwa kupapasa, chini ya taa moja.

Karani akaniletea maji. "Lakini pesa ipo yote, Mwalimu. Haijaliwa. Mnaweza kuielekeza kwenye deni, au mkaichukua, yote au sehemu. Barua tu."

Nimerudi kwa miguu. Nauli ninayo, nimesahau tu kupanda basi.

Ijumaa, 15 Machi

Nimehesabu mara nne.

Barua ya kwanza: pesa yote iende kwenye deni. Juni tutakuwa tunadaiwa milioni mbili na laki saba. Kiinua mgongo kinafuta kila kitu, na chenji inabaki.

Barua ya pili: laki tisa zitoke kwa ajili ya macho, laki sita na ushee zilizosalia ziende kwenye deni. Juni kiinua mgongo hakitoshi. Pengo ni laki sita na elfu arobaini. Siku tisini za kulitafuta, kwa pensheni isiyofika nusu ya mshahara.

Nilimsomea zote mbili. Alikuwa anapiga pasi ile suruali ya dereva, kidole kikiitangulia pasi kwenye upindo.

"Andika nyumba."

"Na jicho?"

"Ninalo la pili."

"La pili nalo linakwenda, Fundi, umesikia daktari—"

"Andika nyumba! Nimekaa kimya miezi kumi na minane kwa ajili ya hiyo Juni. Usifanye iwe nilikaa bure."

Akaendelea kupiga pasi. Nilisimama pale nikiogopa kidole chake.

Jumapili, 17 Machi

Jana hospitali walipiga simu. Wana nafasi Jumatano, wanataka malipo yatangulie. Nikasema tutakuja. Neno limenitoka tu mdomoni.

Leo mchana nimempelekea barua. Moja. Ilikuwa imechapwa vizuri, kwa wino mweusi, mistari mipana. Kwake ni karatasi nyeupe tu.

"Nionyeshe pa kusaini."

Nikamshika kidole nikakiweka kwenye mstari. Akasaini kwa madaha kama zamani, mkia wa sahihi ukapanda juu ya jina langu.

"Ni ile ya nyumba, sivyo?"

"Ni barua ya benki," nikasema.

Si uongo. Nimejiambia hivyo tangu saa nane. Si uongo, si uongo. Mwanafunzi angenipa jibu la namna hiyo ningemwambia akae chini afikiri upya.

Nikatoa ile taa kabatini, nikairudisha chumba cha mbele. Nikawasha zote mbili. Hakugeuka.

Jumatatu, 18 Machi

Naandika nikiwa benki, kwenye benchi. Namba yetu sitini na moja. Kioo kinasema hamsini na saba.

Fundi yuko kando yangu, shati limenyooka. Benki inataka tuithibitishe barua wote wawili tukiwapo. Anamwambia mlinzi, "Huyu ni Waziri wa Fedha, leo anazika deni. Mpigie saluti!" Mlinzi kabana miguu, kapiga saluti kweli. Fundi amefurahi – anatazama pembeni kidogo ya mlinzi.

Hamsini na nane.

Nikinyamaza, Jumatano anapasuliwa. Nikimwambia, anaweza kuichana hapa hapa mbele ya watu, nami sitamlaumu. Bila sahihi yake hakuna kinachotoka. Kule kunyamaza kwangu kunaonekana ndio upendo. Ila macho yakipona, kitu cha kwanza atakachoweza kusoma ni barua hii. Jina lake chini, na maneno ambayo hakuyasema.

Hamsini na tisa. Karani kanipungia mkono.

Ananiuliza naandika nini. Bajeti, nimemwambia. "Nami leo naomba dakika zangu mbili," anasema, anacheka.

Sitini.

Leo, sasa hivi: funga daftari, toa barua, msomee yote kwa sauti mpaka mstari wa mwisho.