Mashine ya Kukandia na Usiku wa Ijumaa

Jumamosi, Tibirinzi, baada ya alasiri. Mawingu tangu asubuhi, mvua haijanyesha.

Dada yangu Zuhura atarudishiwa fedha zake, ila nauli za mzigo hazimo. Aliyesema hivyo ni Neema, msichana anayeshughulikia malalamiko ya wateja katika duka la mtandaoni alikonunua, kwa simu kutoka Dar es Salaam, saa nne na robo asubuhi ya leo. Nilikuwepo. Simu ilikuwa juu ya meza, spika imefunguliwa.

Niandike ilivyokuwa, pamoja na sehemu isiyonipendeza.

Zuhura hupika mikate ya kusukuma, yaani chapati, na kuwauzia wenye shughuli, hapa Chake Chake na kule Wawi. Unga anaukanda kwa mkono, na mkono wenyewe, wa kulia, umeanza kumgomea. Kifundo kinavimba. Daktari alimwambia aupumzishe. Yeye akakaa miezi minane akiweka fedha kidogo kidogo, kisha akaagiza mashine ya kukandia. Picha ya dukani ilikuwa ya mashine ya kilo tano za unga. Iliyokuja ni ya kupigia mayai ya keki. Bakuli lake, kwa maneno ya Zuhura, ni "la kumtilia paka maziwa."

Masharti ya duka yalikuwa wazi: ukiwa na lalamiko, lilete ndani ya siku saba tangu kupokea mzigo. Zikipita, mzigo ni wako, na paka wako.

Aliletewa Alhamisi, baada ya magharibi. Hakuufungua. Alikuwa akimsubiri fundi umeme aje amtilie soketi jikoni, na fundi alikuja Jumatano iliyofuata. Alipofungua boksi akanipigia hapo hapo. Mimi nilikuwa Kisiwa Panza nikifuatilia habari ya kisima. Nikamwambia asiandike kitu, nitarudi kesho yake nimwandikie mwenyewe, lalamiko lenye mpangilio. Kesho yake mkutano wa kisima ukasogezwa hadi usiku, nikalala huko huko. Nilirudi Ijumaa, baada ya sala.

Kwa hiyo siku iliyopotea niliipoteza mimi.

Ijumaa hiyo nilikaa jikoni kwake nikaandika, yeye akisema. Aliposema, "Mzigo nilipokea usiku wa Ijumaa," niliandika vile vile. Hapa kwetu kila mtu anajua usiku wa Ijumaa ni upi. Jua la Alhamisi likizama, Ijumaa imeingia. Usiku ndio unaotangulia, mchana unafuata. Sikufikiri mara mbili. Tukatuma.

Jumapili jibu likaja. Neema aliandika kwamba lalamiko limekubaliwa, kwa kuwa mteja alipokea Ijumaa usiku na ameandika Ijumaa iliyofuata, siku ya saba. Mzigo urudishwe, ukishakaguliwa fedha zitatoka.

Nilisoma mara moja nikajua kilichotokea. Neema alikuwa amesoma usiku wa Ijumaa wa kwao, ule unaokuja baada ya mchana wa Ijumaa. Duka halikuwa na tarehe yake ya kulinganisha. Mzigo ulipita kwa wakala wa boti, na kilichobaki kwao ni kauli ya mpokeaji. Kwa hesabu ya kweli, tulilalamika siku ya nane.

Sikusema kitu.

Na sina hata kisingizio cha kutojua. Nilianza kazi hii ya uandishi wa habari vyama vingi vilipokuwa bado vipya, habari tukizisoma kwa simu ya waya kwa mhariri aliyeko Dar es Salaam. Moja ya habari zangu za mwanzo ilikuwa ya paa la tawi la chama kimoja, lililong'olewa na upepo usiku wa Jumatatu. Mhariri akaelewa Jumatatu usiku, gazeti likatoka hivyo. Wenye tawi wakanijia nyumbani. Siku uliyoandika, wakasema, hapakuwa na upepo hata wa kupeperusha jani, unamficha nani? Ilinichukua wiki kuwatuliza. Tangu hapo kwenye habari zangu hakuna "usiku wa." Naandika siku, halafu "baada ya magharibi" au "kabla ya alfajiri."

Miaka yote hiyo nimekuwa hivyo. Jumapili ile niliweka simu mfukoni nikaenda kununua samaki.

Nilijiambia kwamba kosa si langu, kwamba sikudanganya neno. Ni kweli sikudanganya. Lakini nimewahoji watu wengi waliojibu kwa ukweli wa namna hiyo, na najua ninavyowaandika.

Hasa niliogopa. Fedha zikipotea kwa sababu ya siku moja, siku hiyo ni yangu, nililala nayo Kisiwa Panza. Na mkono wa dada ungeendelea kukanda.

Jana Zuhura alikuwa anafunga boksi arudishe mashine. Akaniomba nimsomee tena ujumbe wa Neema, aone anuani. Nikasoma. Akasimama na utepe wa kufungia mkononi.

"Hebu rudia hapo. Nilipokea lini?"

"Ijumaa usiku."

"Mie? Ijumaa usiku nilikuwa Wawi kwenye maulidi. Mzigo ulipokuja ndo kwanza nafungua msahafu nisome Yasini. Sasa Yasini ya usiku wa Ijumaa nasoma Ijumaa usiku mie, kama nimesilimu juzi?"

Nikajifanya natafuta anuani. Ananijua tangu sijaota meno.

"Hamadi. Uliliona hili?"

"Niliona."

"Lini?"

"Jumapili."

Alikata utepe kwa meno, akaubandika, akausugua kwa kidole mpaka ukashika. Hakupandisha sauti. "Kisiwa kizima unakizungukia kuuliza watu tarehe," akasema. "Sheha kakosea siku moja ulimtangaza redioni. Mie dada'ako ukanificha."

Nikamwambia fedha zinaweza kupotea. Nikamwambia pia kwamba kosa la kuchelewa ni langu, si lake.

"La kuchelewa nishakusamehe. Hilo la pili bado nalifikiria. Na mie mikate yangu nauza kwa 'bismillahi', siinunulii mashine kwa siku ya kuazima. Kesho tunampigia mtoto wa watu."

Leo asubuhi tumepiga. Nilitaka kueleza mimi. Akanionyesha kidole ninyamaze.

Neema akamwamkia. Zuhura akaitikia, akauliza hali ya wazee wake, kisha akasema yote bila kuzunguka: alipokea Alhamisi, jua lilishazama, na kwao huo ndio usiku wa Ijumaa.

Halafu Neema akacheka. "Mama, kumbe Ijumaa yenu inaanza Alhamisi?"

"Inaanza jua likizama, mwanangu. Nyinyi yenu mnaisubirisha mpaka watu walale."

"Sasa mama, ungenyamaza tu. Mimi nilishapitisha."

"Najua. Kuna mmoja hapa kwangu alishanyamaza kwa ajili yangu, hakulala vizuri siku tano."

Hilo lilikuwa langu. Nilitazama boksi.

Neema akaomba asubiriwe aongee na msimamizi wake. Tukasubiri. Dakika sita, nilitazama saa. Zuhura alikuwa ameukumbatia mkono wa kulia kwa wa kushoto, kama anavyofanya ukimuuma, na sikumuona amepepesa macho. Miezi minane yake ilikuwa kwenye ile spika, nami nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu ya namna ya kumlipa mwenyewe.

Neema akarudi. Msimamizi amesema hivi: picha ilikuwa kosa la duka, wameshaiondoa, hivyo fedha za mashine zitarudi zote. Lakini lalamiko limechelewa, kwa hiyo nauli ya kuja na ya kurudi ni juu ya mteja.

"Haki," akasema Zuhura. Akanigeukia. "Ya kuja nililipa mwenyewe. Ya kurudi utalipa wewe, na hiyo ndo adhabu ya lile la pili. Nimeshalifikiria."

Nimelipa kabla ya adhuhuri. Sijawahi kulipa nauli kwa moyo mweupe namna hii.

Yeye ameshapata mashine nyingine, ya kilo tano kweli, kwa muuzaji wa Unguja. Safari hii nilimpigia muuzaji mwenyewe nikamwambia apime bakuli kwa maji, mbele ya kamera. Amelipima. Alidhani namtania. Anamuwekea Zuhura mpaka fedha zirudi.

Kuna jambo moja bado linanishughulisha. Je, kama Zuhura asingeniomba nimsomee anuani? Ningependa kuandika kwamba ningesema mwenyewe. Sina ushahidi wa hilo, kwa hiyo siandiki.

Jioni hii Neema ametuma ujumbe kwamba boksi likimfikia, fedha atazitoa Jumatano usiku. Zuhura akanirudishia simu. "Muulize, ya kwao au yetu?"

Nimemuuliza. Amejibu na kicheko: "Ya kwetu, mama. Saa mbili usiku."

Boksi linatakiwa kwa wakala Jumatatu kabla ya magharibi. Boti inaondoka Jumanne asubuhi. Fedha ni Jumatano, saa mbili usiku, kwa hesabu ya Neema. Kwetu itakuwa usiku wa Alhamisi. Nimeziandika zote mbili kwenye kalenda ya jikoni kwa Zuhura, kwa kalamu ya wino.