Baba Dokta wa Kilole na Binti Anayetaka HKL

Mpendwa Mshauri, Bi. Rosina,

Naomba msaada wako, na shikamoo kama umenizidi umri, kama nimekuzidi basi mpelekee mama yako. Mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, jina langu Mbaruku, mkazi wa Kilole hapa Korogwe, kwetu hasa ni Sindeni kule Handeni, nauza mitumba sokoni, na nakuandikia kwa sababu mtoto niliyemzaa mwenyewe anataka kunivua nguo mbele za watu.

Binti yangu anaitwa Hamisa, amemaliza kidato cha nne na amefaulu, namshukuru Mungu, wala hakubahatisha, daraja la pili safi kabisa, ila tatizo ni kwamba amefaulu visivyo, maana Historia amepata A, Kiswahili A, Kiingereza B, halafu Biolojia akaburuza C, Kemia D, na Fizikia sitaitaja hapa kwa sababu gazeti hili linasomwa na watu wengi. Serikali imemchagua kuingia kidato cha tano kusoma HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, shule ya wasichana huko nyanda za kusini, na anatakiwa awe ameripoti kabla mwezi huu haujaisha, asiporipoti nafasi anapewa mwingine. Mimi nimemkatalia. Nataka asome PCB, Fizikia, Kemia na Biolojia, awe daktari, na bahati nzuri siku hizi za soko huria kila kitu kipo, imefunguliwa shule ya mtu binafsi si mbali sana na hapa, nikaenda kuonana na mwenye shule, mtu mstaarabu mno, hata matokeo hakuyaangalia mara mbili, akasema sisi hapa hatumnyimi mtoto ndoto yake, mzazi ukiwa tayari hata kesho mlete.

Sasa Bi. Rosina, nikueleze ilivyoanza usije ukaniona mkorofi. Miaka kumi na saba nilikuwa msimamizi kwenye shamba la mkonge, nikipita watu wanasimama, Bwana Msimamizi shikamoo, Bwana Msimamizi karibu chai, mpaka shamba likauzwa kwa wawekezaji na sisi tukapunguzwa, na kulipokucha nikawa Mbaruku wa mitumba, vitoto vya juzi vinaniambia anko punguza bei. Kijiweni kwenye kahawa nilikuwa nakaa mwisho wa benchi, pale ambapo wa katikati akiinuka wewe unaanguka. Basi siku moja, Hamisa akiwa kidato cha pili, nikasema kwa kujisemea tu kwamba huyu mwanangu naona atakuwa daktari, na Ramadhan muuza kahawa akadakia, "Ehee! Jamani msogezeeni benchi Baba Dokta!" Wakacheka, na mimi nikacheka, lakini benchi walisogeza kweli, na tangu siku hiyo jina ndilo hilo. Unajua desturi yetu, mzazi huitwa kwa mtoto wake, na mimi nilikuwa Baba Hamisa tangu alipozaliwa, lakini akina Baba Hamisa wamejaa Korogwe nzima, Baba Dokta ni mmoja.

Siwezi kukuficha, jina limenifaa. Kikombe cha kwanza cha kahawa ni changu, harusini nakaa jamvi la mbele, na watu wananiuliza mambo ya afya nami si mchoyo, mwenye mgongo namwambia asibebe vizito, mwenye kichwa namwambia anywe maji, Ramadhan mwenyewe nimemkataza chumvi na anasema anajisikia vizuri. Matokeo yalipotoka nikafanya dua ya shukrani, nikachinja, nikaalika watu mpaka wa Sindeni, nikamshonea Hamisa koti jeupe kwa fundi jirani yangu pale sokoni, tulilikata kwenye shuka zito la mtumba, nikampeleka studio, mpiga picha akamtundika shingoni ule mpira wa kusikilizia kifua, na picha nimeitia fremu ipo sebuleni juu ya redio. Kwenye picha hajacheka, lakini mpiga picha alisema ni ukali wa taa.

Pilau limeshaliwa, koti limeshapigwa pasi, ndipo ikaja habari ya HKL. Nikauliza ni nani aliyemchagulia mtoto wangu kombinesheni ya kusoma hadithi, akanijibu kwamba alichagua mwenyewe akiwa shuleni, na kwamba aliniambia nikamjibu tutaona. Mama yake, Maryamu, badala ya kunisaidia anasema, "Baba Hamisa, mtoto si gauni la mtumba, huwezi ukamgeuza ndani nje ukasema ni mpya." Katika mji mzima amebaki yeye tu anayeniita hivyo, na nadhani anafanya makusudi.

Na usidhani mtoto hana kipaji cha udaktari, anacho. Nina rafiki yangu mfugaji wa Kang'ata, anaitwa Koikai, siku za mnada hupitia kwangu kununua mashuka, na mwezi uliopita alikuja na mkewe Nkoile anaumwa macho, hawakupita hospitali, walikuja nyumbani kwangu moja kwa moja wakasema tumekuja kwa dokta. Hamisa aliona aibu mpaka machozi yakamtoka, lakini akamshika yule mama mkono akampeleka kituo cha afya. Mama yule Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu, na Hamisa ana Kimasai alichojifunza bwenini kwa binti wa Koikai huyohuyo, basi akawa anamweleza mama, anamgeukia muuguzi anamweleza, na walipoambiwa warudi wiki ijayo akasimama pale mlangoni akasema hatuondoki, akaeleza umbali wa Kang'ata, akaeleza mama ametembea wapi na wapi akiwa haoni vizuri, akaeleza kwa adabu lakini bila kunyamaza mpaka mkubwa wao akatoka ofisini, na mama akatibiwa siku ileile. Koikai amerudi na mbuzi wa shukrani. Sasa Bi. Rosina, kama huo si udaktari ni nini?

Juzi nilimkalisha chini nikamweleza kwa upole kabisa, heshima ya familia, macho ya watu, na kwamba Fizikia ni kukaza moyo tu. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, halafu akaniuliza, "Baba, nikifeli utaitwa nani?" Wewe umesikia wapi mtoto wa kike akimhoji baba yake namna hiyo? Nikainuka, nikatoka. Tangu siku hiyo chakula anakula jikoni, na lile koti nimelikuta limekunjwa vizuri juu ya kiti changu.

Naomba unipe maneno ya kumwambia ili akubali, na unipe haraka, maana kijiweni nimeshatangaza kwamba anaanza PCB Jumatatu.

Ni mimi,
Baba Dokta, Kilole.

*

Baba Hamisa,

Ndiyo, nimekuita hivyo, kaa chini tuzungumze. Na marahaba, umri tuuache.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka wenzangu ofisini wakaja kuuliza kuna nini. Mara ya pili sikucheka.

Katika nyumba yenu aliyekwisha kuwa daktari mpaka sasa ni mmoja, na ni wewe. Una wagonjwa, una kiti chako, unawakataza watu chumvi. Umebakiza kitu kidogo tu, mtoto akakufanyie mitihani. Na hiyo Fizikia uliyoificha, mzee wangu, ulipotaja A, B, C na D halafu ukanyamaza, nani asiyejua kinachofuata?

Tena unamsifu mwenye shule kwa kutoangalia matokeo mara mbili. Subhanallah! Wewe mwenyewe hununui hata shati la mtumba bila kulipekua, halafu mtu anampokea mwanao bila kumpekua nawe unamwita mstaarabu? Soko huria limetuletea mengi, sabuni zimejaa madukani na foleni ya sukari tumeisahau, lakini A ya Fizikia bado haiuzwi. Unauza viatu pia, bila shaka. Mteja akilazimisha kiatu kisichomwenea kwa sababu wenzake wamekisifia, anayechechemea njiani ni nani? Hamisa atachechemea miaka miwili, na mwishoni atakuwa hana PCB na hiyo HKL ameshaikosa.

Sasa nije kwenye ushahidi wako. Umenisimulia habari ya mama Nkoile ili unishawishi, kumbe umejifunga mwenyewe. Macho ya yule mama yalitibiwa na waliosomea. Hamisa alifanya nini? Alisema. Alisema kwa lugha mbili, akasimama mlangoni, akapanga hoja moja baada ya nyingine, akamtoa mkubwa kwenye kiti bila kumtukana mtu. Hiyo ndiyo HKL uliyoiita ya kusoma hadithi, ilipita mbele ya macho yako ikarudi na mbuzi. Kesho anaweza kuwa mwanasheria, anaweza kuwa mwalimu, anaweza kuwa mkuu wa wilaya akawaamulia wakulima na wafugaji wa Handeni kwa lugha zao. Mimi sijui, na wewe hujui, ndiyo maana anapelekwa shule.

Lakini sitaki kukufokea tu, maana naona kidonda kilipo. Miaka kumi na saba watu wanasimama ukipita, halafu unaamka asubuhi hakuna anayesimama. Hilo linauma, na walioumizwa hivyo nchi hii ni wengi, mnakaa vijiweni mnacheka na hakuna anayewauliza. Pole sana, Baba Hamisa, nasema kwa moyo wangu wote. Ila kidonda ni chako, na dawa yake usiikamue kwa mtoto.

Haya, fanya ninavyokwambia. Gazeti hili likikufikia, kesho yake nenda stendi ukakate tiketi mbili, yake na yako. Utamsindikiza wewe mwenyewe mpaka getini, na sanduku utabeba wewe. Ukitoka stendi pitia kijiweni, na kabla hujaonja kahawa sema kwa sauti, "Hamisa anakwenda kusoma HKL." Watacheka, waache wacheke, siku ya tatu watakuwa wamepata mwingine wa kumcheka. Wakikurudisha mwisho wa benchi, kaa hapohapo, ila mwenzako akitaka kuinuka mwambie akutaarifu. Ramadhan mwambie akapimwe hospitali kabla hujamkataza kingine. Koti mpelekee muuza nyama, buchani litavaliwa kila siku. Na picha ile muulize mwenye sura yake kama anataka ibaki juu ya redio, na akisema ishushwe, ishushe.

Hayo yote ni ya kesho. La leo ni moja. Mtoto alikuuliza swali nawe ukaliita ukosefu wa adabu, ukatoka nje. Hakuwa anakuhoji, Baba Hamisa, alikuwa anaogopa. Anaogopa kwamba siku atakayoanguka Fizikia atakuwa amempoteza na baba. Mtu mzima na ndevu zako ulimwacha na hofu hiyo akaenda nayo jikoni.

Basi mfuate hukohuko jikoni, kaa kwenye kigoda, umjibu. Mwambie, "Ukifaulu nitaitwa Baba Hamisa, na ukifeli nitaitwa Baba Hamisa." Liseme mama yake akisikia, maana yeye miaka yote hajakosea kukuita.

Bi. Rosina