Mume Aliyeniacha Amekaa Mstari wa Mbele

Shoga, nimeumbuka!

Unaujua wimbo wangu wa blues, ule wa mume aliyeniacha, ambao ubeti wa mwisho ulinishinda kutunga? Leo nimeuimba ukumbini. Macho nimefumba, gitaa linalia. Nafika "ameniacha peke yangu", shangazi yangu huyo, kasimama: "Nani kakuacha? Mumeo si huyu hapa kashika koti lako!"

KASHIKA KOTI LAKO! Mbele za watu!

Ukumbi mzima ukamgeukia. Maskini, akaliweka koti kitini taratibu, akatoka. Watu wakadhani ni sehemu ya onyesho. Wakapiga makofi!

Nimetoka nje, gari letu halipo. Kaniacha kweli, shoga!

Njoo unichukue. Lakini usiharakishe, ule ubeti ndio unakuja.